Shairi Humsaidia Mtoto Kusoma na Kustahimili



Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara, chanjo na lishe. Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya mashairi. Msiufunue ukurasa mkidhani kwamba mhariri amechanganya karatasi. Jambo hili ni la afya kabisa, na kabla hamjafika mwisho tunatumaini mtakubaliana nasi.

TUMBO LA SIKU ZA SHULE

Tuanze na mtoto mmoja wa darasa la tatu, mwenye umri wa miaka tisa. Bibi yake alimleta zahanati mara nne katika muda wa miezi miwili. Kila mara shida ilikuwa tumbo. Alipimwa malaria, akapimwa choo, akapewa dawa ya minyoo. Tumbo halikuacha. Mara ya nne sista aliyekuwa zamu hakukimbilia dawa. Alitoka, akaketi kwenye benchi karibu na yule bibi.

"Shikamoo bibi. Hili tumbo humshika siku gani?"

"Marahaba, Sista. Humshika asubuhi. Jumamosi na Jumapili hajambo, anakimbia na wenzake."

"Na wakati wa likizo?"

Bibi alifikiri kidogo. "Likizo yote hakuumwa hata siku moja."

Ndipo habari nyingine zikatoka. Mama wa mtoto huyu alifariki mwaka uliotangulia. Mtoto alihamia kwa bibi, akaingia shule mpya asiyomjua mtu. Kusoma alikuwa hajui. Kila aliposimamishwa asome mbele ya darasa, wenzake walimcheka. Mwishowe akaacha kabisa kusema darasani.

Tunaomba mwelewe vizuri: mtoto huyu hakuwa mwongo. Tumbo lilimuuma kweli. Hofu na huzuni ya mtoto aghalabu hutokeza mwilini, tumboni au kichwani, kwa kuwa yeye bado hana maneno ya kuieleza. Sisi wakubwa husema, "Nina mawazo." Mtoto husema, "Tumbo linauma."

"Bibi," sista akauliza, "wewe unajua mashairi?"

Bibi alicheka. "Mimi nimesoma hadi darasa la nne tu, Sista. Lakini ngonjera za wakati ule zote ninazo kichwani."

"Basi tutaanzia hapo," sista akasema.

Tutarudi kwa mtoto huyu baadaye. Kwanza tueleze kwa nini muuguzi aulize habari za mashairi.

AFYA NI NINI?

Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inaeleza kwamba afya ni hali njema ya mwili, ya akili na ya maisha pamoja na watu, wala si kukosa ugonjwa tu. Mtoto mwenye uzito mzuri na chanjo zote, lakini anayekwenda shule kila siku akitetemeka, bado hajawa na afya kamili.

Tena kujua kusoma kwenyewe ni msingi wa afya. Asiyejua kusoma hawezi kufuata maandishi ya pakiti ya dawa, wala tangazo la kliniki, wala kadi ya mtoto wake atakapokuwa mzazi. Na tatizo hili si dogo katika nchi zetu. Tathmini za Uwezo, zilizoanza kufanyika Afrika Mashariki karibu na mwaka 2010, zilionyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Ndiyo maana hapa Tanzania, mwaka 2015, mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulibadilishwa ili ukazie KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu.

SIKIO HUJIFUNZA KABLA YA JICHO

Wengi wetu tunadhani kusoma ni kazi ya macho. Kwa kweli huanza masikioni. Kabla mtoto hajaelewa kwamba herufi ni alama za sauti, ni lazima atambue kwamba neno lenyewe limeundwa na sauti. Mtoto mdogo akisikia "samaki" humwona samaki. Hasikii sa, ma, ki. Akishaanza kusikia vipande hivyo, mlango wa kusoma umefunguka.

Mwaka 1983 watafiti wawili wa Uingereza, Lynette Bradley na Peter Bryant, walichapisha matokeo ya kazi yao kwa watoto 403 wa miaka minne na mitano ambao walikuwa hawajajua kusoma. Waliwapa mchezo rahisi: katika maneno machache, ni lipi halilingani na mengine kwa sauti? Kisha waliwafuata watoto wale kwa miaka kadhaa. Waliokuwa hodari wa kusikia maneno yanayolingana ndio waliokuja kuwa wasomaji bora. Watafiti hawakuishia hapo. Walichagua watoto 65 waliokuwa dhaifu katika mchezo ule, na baadhi yao wakafundishwa kutambua sauti. Hao walisonga mbele, na waliosonga zaidi ni wale waliofundishwa sauti pamoja na kushika herufi za plastiki mkononi. Fundisho ni kwamba sauti na herufi ziende pamoja.

Utafiti ule ulikuwa wa Kiingereza, lugha ambayo maandishi yake na matamshi yake hayapatani sana. Kiswahili kina neema kubwa zaidi: tunaandika jinsi tunavyotamka. Mtoto anayesikia silabi vizuri amekwisha kupiga hatua kubwa.

MIZANI NA VINA: SHULE TULIYORITHI

Sasa tazameni utajiri tulio nao. Mshairi wa Kiswahili hufanya nini? Huhesabu mizani, na mizani ni silabi. Hutafuta vina, na kina ni silabi zinazolingana mwishoni. Yaani lile zoezi ambalo watafiti walilitafuta, wazee wetu walikuwa nalo karne nyingi. Mtoto anayepiga makofi kwa mizani anajifunza kulikata neno. Mtoto anayetafuta kina anajifunza kusikia mwisho wa neno.

Hata yale magumu ya tahajia hupata tiba humo. "Mtoto" ina mizani tatu: m-to-to. "Mtu" ina mizani mbili, kwa sababu ile m husimama peke yake. Lakini "mbuzi" ina mizani mbili tu, mbu-zi, maana hapo m imeshikana na b. Mtoto aliyepiga makofi ya maneno haya mara nyingi hatasumbuka sana aandikapo. Vivyo hivyo kwa wale ambao lugha yao ya nyumbani haitenganishi r na l. Wape "mahali" na "mahari" katika shairi moja, nao watacheka, na kwa kucheka watasikia tofauti.

Tumetunga beti mbili fupi kwa ajili ya zoezi hili. Kila mstari una mizani nane:

Kuku wetu wa kijivu
Hulala kwenye majivu
Hana woga wala wivu
Vifaranga awalinda.

Mwewe akija angani
Huwaita ubawani
Hutulia humo ndani
Hadi mwewe akienda.

Mtoto akighani beti hizi huku akipiga makofi manane kwa kila mstari, masikio yake yanafanya kazi kubwa bila yeye kujua kwamba anafundishwa. Atasikia kwamba kijivu, majivu na wivu zinamalizika namna moja. Atasikia pia kwamba mstari wa mwisho wa kila ubeti unakwenda njia yake, awalinda na akienda. Siku akiona "vu" imeandikwa, atakuwa tayari na mahali pa kuiweka.

SHAIRI NA MOYO WA KUSTAHIMILI

Tuje upande wa pili, ule wa moyo. Kustahimili si kukaza meno na kutolia. Mtoto mstahimilivu ni yule ambaye akiangushwa na msiba, ugonjwa au umaskini, huweza kuinuka tena taratibu na kuendelea kukua.

Watoto kama hao hupataje nguvu? Katika kisiwa cha Kauai, huko Hawaii, mtafiti Emmy Werner na wenzake waliwafuata watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, tangu tumboni mwa mama hadi utu uzima. Baadhi walikulia katika shida nyingi kwa pamoja: umaskini, magomvi ya nyumbani, mzazi mlevi au mwenye ugonjwa wa akili. Karibu theluthi moja ya hao wenye shida nyingi walikua wakawa watu wazima wenye kujiamini, wachapakazi na wenye kuwajali wengine. Jambo moja lililojitokeza katika maisha yao ni kwamba kila mmoja alikuwa na angalau mtu mzima mmoja wa kutegemewa aliyempenda na kumkubali. Mara nyingi mtu huyo hakuwa mzazi, bali babu, bibi, au jirani.

Kwa hiyo tuseme wazi: shairi peke yake si mganga. Mganga ni yule mtu mzima anayeketi na mtoto. Lakini shairi humpa mtu huyo njia ya kuketi naye. Bibi asiyejua aseme nini kwa mtoto aliyefiwa anaweza kughani ubeti, mtoto akaitikia. Kila jioni wanakuwa na kazi yao wawili.

Shairi husaidia kwa njia nyingine pia.

Kwanza, humpa mtoto maneno. Mtoto anayeogopa kusema "ninaogopa" anaweza kuzungumza juu ya kifaranga na mwewe. Anaweka woga wake juu ya kifaranga, anautazama kwa mbali, kisha siku moja anaurudisha kwake na kuutaja kwa jina.

Pili, huituliza pumzi. Mwaka 2001 madaktari wa Italia walichapisha uchunguzi wao kwa watu wazima 23 wenye afya waliosali Salamu Maria ya Rozari kwa Kilatini. Pumzi zao zilipungua hadi kama sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakaenda kwa utaratibu mzuri zaidi. Mwaka 2004 watafiti wengine wa Ulaya walipata jambo linalofanana na hilo kwa watu 20 walioghani mashairi ya kale ya mistari mirefu: pumzi na moyo vilianza kwenda pamoja. Hao walikuwa watu wazima na wachache, wala hatusemi kwamba shairi ni dawa ya moyo. Lakini kila mama aliyewahi kubembeleza mtoto analijua jambo hili. Anayeghani hawezi kuhema ovyo. Mstari humfanya avute pumzi, aitoe polepole, apumzike, aanze tena.

Tatu, hupunguza uzito wa ugonjwa wenyewe. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti mdogo wa Marekani kwa watoto 44 waliokuwa wamelazwa hospitalini. Walipewa vifaa vya kusoma na kuandika mashairi. Baada ya kazi hiyo watoto walieleza kwamba woga, huzuni, hasira, wasiwasi na uchovu vimepungua. Utafiti mmoja mdogo hautoshi kuthibitisha kila kitu, lakini karatasi na kalamu hazina madhara, na bei yake tunaimudu.

Nne, shairi aliloshika mtoto kwa moyo ni mali yake. Akihamishwa kwa shangazi, akipelekwa kwa baba mdogo mjini, mali hiyo huenda nayo. Haiibiwi wala hailoani na mvua.

WALIOTUTANGULIA

Wakubwa wa lugha yetu walilijua hili. Mnamo mwaka 1858, katika pwani ya kaskazini ya Kenya, mama mmoja Mwislamu aliyeitwa Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha. Alifariki miaka michache baadaye. Binti alibaki na sauti ya mama yake, na hadi leo sauti hiyo haijanyamaza. Shaaban Robert (1909-1962), aliyefiwa na mke wake, naye aliwatungia wanawe tenzi mbili, Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa mwana wa kiume.

Kwa upande wetu wa Kanisa tunaye Mathias Mnyampala (1917-1969), mwenyeji wa Dodoma, aliyeiweka Injili na Zaburi katika tenzi za Kiswahili. Ni yeye pia aliyezipa shule zetu ngonjera, yaani shairi la kujibizana. Ngonjera zake zilichapishwa kuanzia mwaka 1970, baada ya kifo chake, na bibi tuliyemtaja ni mmoja wa watoto waliozighani. Nyuma sana ya hao yupo Mtakatifu Efrem wa Siria, shemasi aliyefariki mwaka 373, ambaye aliwafundisha waamini imani kwa tenzi za kuimba. Na hayati Papa Fransisko, katika barua yake ya Julai 2024 juu ya fasihi katika malezi, alikumbusha kwamba katika miaka ya 1964 na 1965, akiwa kijana, alifundisha fasihi katika shule ya Wajesuiti huko Santa Fe, Argentina. Aliona kwamba kusoma hadithi na mashairi humsaidia Mkristo kuusikia moyo wa mwenzake.

TUFANYE NINI NYUMBANI NA SHULENI?

Hatuhitaji vitabu vingi. Tunahitaji dakika 15 kila jioni, na subira.

1. Kuanzia kuzaliwa hadi miaka mitatu. Mwimbieni mtoto nyimbo za kubembeleza, hata kwa lugha ya kabila lenu. Msione haya. Sikio lililozoea mdundo katika lugha ya mama litautambua pia katika Kiswahili. Chezeni naye vidole huku mkihesabu kwa wimbo.

2. Miaka minne hadi sita. Huu ni wakati wa makofi. Pigeni makofi kwa majina ya watu wa nyumbani: Ma-ri-a, makofi matatu, Yo-se-fu, matatu, bi-bi, mawili. Kisha chezeni mchezo wa vina. Mkubwa aseme "kuni", mtoto atafute neno lingine linalomalizika kwa "ni". Akisema neno lisilo na maana, cheka naye na endelea. Sauti ndiyo inayotafutwa.

3. Miaka saba hadi tisa. Sasa tuunganishe sikio na jicho. Andikeni ubeti mmoja kwa herufi kubwa nyuma ya karatasi ya kalenda kuukuu, mbandike ukutani. Mkubwa asome mstari huku akiweka kidole chini ya kila neno, mtoto arudie huku naye akiweka kidole. Siku ya tatu mkubwa anyamaze kwenye maneno ya vina na kumwachia mtoto ayataje. Siku ya tano kateni mistari vipande, mchanganye, na mtoto aipange upya. Vizibo vya soda vilivyoandikwa herufi kwa kalamu ya wino vinatosha kuunda maneno ya vina: ondoa "ji", weka "wi", na "jivu" imekuwa "wivu".

4. Miaka kumi na kuendelea. Mwacheni mtoto atunge. Mpeni mwanzo rahisi: "Ninachokipenda nyumbani...", au "Usiku ninaposikia mvua...". Mistari minne inatosha. Msianze kumdai mizani na vina. Kwanza apate la kusema, urembo utafuata.

5. Mzazi asiyejua kusoma asijitoe. Yeye ndiye mwenye hazina ya vitendawili, methali, nyimbo za mavuno na za harusi. Mtoto aandike yale ambayo mzazi anayasema. Hapo mtoto anajifunza kuandika, na mzazi anaona maneno yake yakiheshimiwa.

6. Kigangoni na katika jumuiya ndogondogo. Watoto wa Utoto Mtakatifu wamezoea kughani ngonjera siku za sikukuu. Tunawaomba walezi wasichague siku zote wale wenye sauti kubwa. Mtoto mwenye haya apewe mstari mmoja wa kuitikia pamoja na wenzake watatu. Sikukuu ijayo atadai miwili.

MAMBO YA KUEPUKA

Msidanganyike na kukariri. Mtoto anaweza kughani ubeti mzima huku macho yakiwa darini. Huyo bado hajasoma. Njia ya kumpima ni rahisi: mwonyesheni neno moja katikati ya mstari na mwulize, "Hapa pameandikwa nini?" Akishindwa, msimgombeze. Rudini kwenye kidole.

Msimchape wala kumcheka mtoto kwa kukosea. Woga huifunga akili. Mtoto aliyechapwa kwa sababu ya kitabu hujifunza jambo moja tu, nalo ni kukiogopa kitabu.

Msimlazimishe mtoto aliyefiwa aghani habari za msiba wake mbele za watu, hata kama shairi lake ni zuri na litawatoa wageni machozi. Machozi ya wageni hayamsaidii mtoto. Shairi lake ni siri yake mpaka yeye mwenyewe aseme lisomwe.

Msimpe mtoto mashairi ya kumhimiza tu awe na bidii, awe na nidhamu, asilie. Mpeni pia ya kuchekesha, ya wanyama, na ya huzuni. Hata Zaburi zimo za kulalamika, na Mama Kanisa anazisali kila siku.

NI LINI SHAIRI HALITOSHI?

Huu ni ukurasa wa afya, kwa hiyo tuseme haya bila kuzunguka.

Mtoto asiyesikia vina hata baada ya kuchezeshwa kwa miezi, achunguzwe masikio. Masikio yanayotoa usaha mara kwa mara hupunguza kusikia, na mtoto huitwa mjinga bure. Mpelekeni zahanati. Msitie mafuta wala maji ya majani. Anayesogeza karatasi puani, au anayekunja uso akitazama ubao, achunguzwe macho.

Mtoto aliyewahi kuugua malaria kali ya ubongo au kupata degedege za mara kwa mara anaweza kubaki na shida ya kujifunza. Mwelezeni mwalimu na mganga habari hiyo. Wapo pia watoto wenye akili timamu kabisa ambao herufi huwapa taabu isiyo ya kawaida. Tatizo hilo huitwa disleksia. Hao si wavivu. Wanahitaji kufundishwa polepole, kwa kurudia zaidi, kwa sauti na kwa kugusa.

Na mtoto anayeshindwa njaa hawezi kusikia mizani. Uji wa asubuhi utangulie shairi.

Kwa upande wa moyo, mpelekeni mtoto kwa mganga upesi mkiona huzuni inaendelea wiki nyingi bila kupungua, hali wala halali, ameanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha, hachezi na mtu, au anasema afadhali afe. Neno hilo la mwisho msilichukulie kuwa utani hata mara moja.

Kuna jambo moja zaidi. Mkimfungulia mtoto mlango wa kusema, huenda akasema jambo zito. Katika mistari yake minne anaweza kuandika kwamba mtu fulani anampiga au anamchezea mwilini. Hapo msimalize kwa kusahihisha tahajia. Msilitangaze darasani wala kumwita mtuhumiwa mje mpatane nyumbani. Mwambieni mtoto, "Umefanya vyema kuniambia. Kosa si lako." Kisha toeni habari siku hiyohiyo kwa Afisa Ustawi wa Jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Hapa Tanzania kuna pia simu ya bure ya huduma kwa mtoto, namba 116.

TURUDI KWA MTOTO WETU

Sista alizungumza na mwalimu wa darasa, naye akakubali kumwacha mtoto asome akiwa ameketi, pamoja na mwenzake mmoja, badala ya kusimamishwa peke yake. Nyumbani bibi alianza ngonjera zake. Yeye alighani upande mmoja, mjukuu akajibu upande wa pili. Juma la kwanza mtoto alijibu kwa kunong'ona. Baadaye bibi alilalamika kwamba sasa majirani hawapati usingizi. Binamu yake wa darasa la sita ndiye aliyeandika beti kwenye karatasi za kalenda, kwa kuwa bibi haoni vizuri usiku.

Hatutaki kuwadanganya kwamba ulikuwa muujiza. Mwisho wa mwaka alikuwa msomaji wa kati, bado akichanganya r na l, na siku ya mtihani tumbo lilimshika tena. Lakini alikwenda shuleni hivyohivyo.

Kabla ya likizo mwalimu aliwaomba watoto waandike mistari minne juu ya kitu cha nyumbani. Yeye aliandika juu ya kuku wa bibi. Hakuwa na vina, na mizani zilizidi. Alieleza kwamba kuku huyo hulala karibu na mlango, na mwewe wala paka hathubutu kuingia. Mwishoni akaongeza kwamba bibi naye hulala karibu na mlango.

Bibi aliikunja karatasi hiyo akaiweka ndani ya kitabu chake cha sala. Sista alipomwuliza kama tumbo limepona, bibi alijibu, "Sasa linauma kama tumbo la mtoto mwingine yeyote, Sista. Likiuma anasema kwa nini linauma."

Ndugu wazazi, walezi na walimu, samaki mkunje angali mbichi. Jioni ya leo, baada ya kuosha vyombo na kabla ya sala ya familia, pigeni makofi manane pamoja na mtoto. Kesho mpeni mstari wa pili. Mungu awabariki ninyi na watoto wenu.